Dondoo muhimu: Maneno ya Kiingereza yana ukoo

• Tafuta mzizi. Kama pika linavyozaa mpishi na mapishi, spect ya Kilatini, yaani kutazama, imezaa inspect, kukagua, na spectator, mtazamaji.

• Pima uzito. Slim na skinny yote yanataja wembamba, ila la kwanza husifu, la pili huweza kuudhi.

• Oanisha vinyume. Expand ni kutanuka. Contract ni kusinyaa.

• Jua yanayoandamana. Mvua kubwa ni heavy rain, si big rain. Kufanya uamuzi ni make a decision, si do.

• Litumie. Andika kila neno katika sentensi yako mwenyewe, ulirudie kesho, kisha baada ya wiki. Neno lisilotumika husahaulika.