Somo: Kuchagua Fimbo ya Kupandia Mlima kwa Bei Nafuu

Mkazi wa Kibera au Kawangware hahitaji kusafiri mbali ili kupanda mlima. Ukiwa Ngong Road, matatu ya nambari 111 hukufikisha mjini Ngong, na kutoka hapo si mbali hadi Milima ya Ngong, yenye kilele cha mita 2,460. Vikundi vya vijana, vya makanisa na vya akina mama wa chama huenda huko wikendi. Wengine huendelea hadi Longonot, mita 2,776, katika Kaunti ya Nakuru.

Tatizo huanza wakati wa kurudi. Mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kuangusha watu. Njia za Ngong huteleza mvua ikinyesha. Kule Longonot, majivu ya volkano huteleza hata wakati wa kiangazi. Hapo ndipo fimbo husaidia. Utafiti wa Austria uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watu wakiteremka mteremko mkali wakiwa na fimbo mbili, na nguvu zinazolemea goti zilipungua kwa asilimia 12 hadi 25.

Lakini fimbo inayojikunja ghafla ukiwa umeiegemea ni hatari kuliko kutembea bila fimbo. Kwa hiyo kumbuka jambo moja: kabla ya kulipa, hakikisha fimbo inabeba uzito wako. Rangi, jina la kampuni na bei vifuate baadaye.

1. Ijue fimbo yenyewe

Fimbo ya kurefushwa na kufupishwa ina vipande viwili au vitatu vinavyoingiana. Ile ya vipande vitatu hufupika zaidi, na hiyo ni nafuu kwa anayesafiri kwa matatu. Vipande hushikiliwa na vifungio, na vifungio ni vya aina mbili.

Cha kwanza ni cha kuzungusha. Ndani ya fimbo mna plastiki inayotanuka unapozungusha kipande, kisha inabana ukuta wa bomba. Plastiki hiyo ikichakaa au ikiingia vumbi, hubana vibaya, nawe huoni kwa sababu imo ndani.

Cha pili ni klipu iliyo nje, ambayo hufunguliwa na kufungwa kwa kidole. Ikilegea, unakaza skrubu yake kwa bisibisi ndogo, na nyingine hukazwa kwa vidole. Kwa fimbo ya mtumba, klipu ni bora: ubovu wake unaonekana, na unaweza kuurekebisha mwenyewe.

Fimbo nyingi ni za alumini au za kaboni. Kaboni ni nyepesi lakini ni ghali, na ikigongwa hupasuka. Alumini hupinda kabla ya kuvunjika, kwa hiyo hukuonya mapema. Mwenye bajeti ndogo achukue alumini. Usiongeze pesa kwa sababu ya springi ya kupunguza mshtuko. Si ya lazima.

2. Pima urefu wako kabla ya kwenda sokoni

Vaa viatu utakavyotembea navyo, simama wima, ukunje kiwiko hadi mkono ulale sambamba na ardhi. Urefu kutoka sakafuni hadi kiganjani ndio urefu wa fimbo yako kwenye njia tambarare. Ukipenda hesabu, zidisha urefu wako kwa sentimita mara 0.68. Mtu wa sentimita 160 atahitaji fimbo ya takriban sentimita 109. Wa 170, takriban 116. Wa 180, takriban 122.

Ongeza sentimita 10 juu ya hesabu hiyo, kwa sababu wakati wa kuteremka utairefusha. Beba tepu ya fundi nguo uende nayo sokoni.

3. Kagua ukiwa kibandani

Katika Toi, Gikomba na masoko mengine ya mitumba, fimbo hizi hutokea mara mojamoja katikati ya mabegi na viatu. Usikimbilie kulipa. Fanya hivi:

• Hakikisha si fimbo ya kutelezea kwenye theluji. Nyingi za aina hiyo ni bomba moja refu lisilo na kifungio, na huwa na kisahani kipana karibu na ncha. Ikilingana na urefu wako itakusaidia kutembea, lakini hutaweza kuibadilisha. Usiilipie bei ya fimbo ya kurefushwa.

• Ivute taratibu ukitafuta alama ya mwisho. Mara nyingi imeandikwa STOP au MAX. Kama urefu unaouhitaji unapita alama hiyo, fimbo hiyo si yako.

• Tenganisha vipande. Tazama kama plastiki ya ndani imepasuka, na kama bomba lina kutu, mchanga au mafuta.

• Ibingirishe juu ya meza. Ikiruka-ruka, imepinda. Alumini iliyopinda ikanyooshwa hubaki dhaifu mahali palepale. Kaboni yenye ufa, iache.

• Tazama ncha. Inafaa iwe ya chuma kigumu, isiwe imelika ikawa mviringo.

Kisha fanya jaribio kuu. Rekebisha fimbo hadi urefu wako, uifunge, na utie alama ya chaki au kalamu pale vipande viwili vinapokutana. Simamisha ncha mahali pasipoteleza, uso wako ukiwa mbali na mpini. Egemea polepole kwa mikono miwili, ukihesabu hadi kumi. Rudia mara tatu. Alama ikisogea, kaza kifungio ujaribu tena. Ikisogea mara ya pili, rudisha fimbo hata kama muuzaji atapunguza bei. Muuzaji asiyekubali ujaribu amekwisha kukujibu.

4. Pesa zikiwa hazitoshi

Fimbo mbili ni bora kwa magoti, lakini moja iliyo imara inashinda mbili zinazolegea. Katika kikundi, mnaweza kuchanga mkanunua jozi chache na kuwapa kwanza wenye magoti mabovu wakati wa kuteremka. Anayekwenda Mlima Kenya mara moja tu anaweza kukodi huko Naro Moru badala ya kununua.

Fimbo ya mti au mwanzi mkavu pia inafaa, mradi iwe imara na ikufikie kiwikoni au juu kidogo. Mpini wa fagio usiutegemee. Wala usikate mti njiani: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata miti katika msitu wa umma bila idhini.

5. Ukiwa njiani

Unapopanda, fupisha fimbo kwa sentimita 5 hadi 10. Unapoteremka, irefushe kwa kiasi hicho hicho, uitangulize mbele kidogo kabla ya kushusha mguu. Ingiza mkono kwenye kamba ukitokea chini, kisha ushike kamba na mpini pamoja. Hivyo kamba itabeba uzito na vidole havitachoka. Kagua vifungio kila unapopumzika.

Ndani ya matatu, ikunje fimbo na uivike ncha yake kofia ya mpira ili isimchome abiria mwenzako. Kofia hiyo hiyo hufaa kwenye lami na saruji. Ukifika kwenye udongo au mawe, ivue.

6. Baada ya safari

Tenganisha vipande, pangusa matope kwa kitambaa, uviache vikauke kabla ya kuviunganisha. Usitie mafuta ndani ya bomba hata kidogo. Mafuta ndiyo hufanya kifungio kiteleze.

Tahadhari

Fimbo ya mlima si mkongojo wa mgonjwa. Mzee anayeyumba, aliyevunjika mguu au anayepata nafuu baada ya kiharusi asinunuliwe hii kwa sababu ni rahisi. Mpelekeni kituo cha afya ili aelekezwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, apimwe na apewe kifaa kinachomfaa.

Zoezi

Kabla ya safari yenu ijayo, kila mmoja apime urefu wa fimbo yake na kuuandika. Leteni fimbo zote mlizo nazo, hata za kuazima, mzifanyie jaribio la kuegemea mkiwa bado nyumbani. Itakayojikunja uani ingejikunja mlimani pia. Iacheni.