Hofu ya Mwaka wa Kwanza: Ngeli Zinapogeuka Nambari

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu kusomea Kiswahili aghalabu huanza safari yake kwa kejeli za jamaa: "Kwani hicho Kiswahili hukijui?" Swali hilo humdunisha mbele ya wenzake wanaosomea uhandisi au sheria. Baya zaidi, humwaminisha kwamba kozi yake ni nyepesi. Hivyo basi, inapomlemea katika majuma ya kwanza, huona haya kumwambia yeyote.

Ugumu huo una chanzo. Katika mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4, karatasi tatu za Kiswahili zina jumla ya alama 200, na kati ya hizo isimujamii hutengewa 10 tu. Aliyejipatia A kwa insha tamu na kwa kukariri miongozo ya vitabu teule hujikuta mbele ya mhadhiri anayetaja alofoni na mofimu tegemezi kana kwamba ni maneno ya sokoni.

Kadhia ya ngeli ndiyo huwatia wengi kiwewe. Shuleni walifunzwa A-WA, KI-VI na LI-YA. Chuoni wanaambiwa ngeli ya 1, ya 2, ya 7, ya 8. Baadhi hudhani walimu wao wa awali waliwapotosha. Wengine hukesha wakioanisha herufi na nambari, mithili ya mtu anayebadilisha shilingi kwa dola. Ubadilishanaji huo haufui dafu. Tuchukue neno "kiboko". Husemwa "kiboko ameibuka mtoni", na pia "kiboko kimekatika". Kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi, yule wa mtoni yumo katika A-WA, ilhali kile cha kuchapia kimo katika KI-VI. Kwa kigezo cha viambishi vya nomino, yote mawili ni ya ngeli ya 7 katika umoja na ya 8 katika wingi, maadamu yanachukua ki- na vi-. Uainishaji wa kwanza unauliza nomino inaathirije kitenzi. Wa pili unauliza nomino yenyewe imeundwaje. Nambari hizo, zilizoasisiwa na Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Meinhof, zilikusudiwa kulinganisha lugha za Kibantu, ndiyo maana mzawa wa Kikamba au Kigikuyu anaweza kuzitumia kuichunguza lugha ya mamaye.

Kumbe la shule halikuwa kosa. Lilikuwa jibu la swali jingine. Hapa ndipo penye kiini cha hofu. Mwanafunzi amezoea mwongozo wa usahihishaji wenye jibu moja, naye sasa anatakiwa kuuliza kwanza: kwa kigezo gani? Hata istilahi zinazogongana, kama vile "kikundi nomino" katika kitabu kimoja na "kirai nomino" katika kingine, hupungua makali mara tu anapojua kila mwandishi anasimamia wapi. Katika fasihi mambo ni yayo hayo: aliyezoea kuorodhesha sifa za wahusika huifungua Nagona (1990) ya Kezilahabi, akatafuta ploti ya kushika asiione.

Wahadhiri nao wana sehemu yao ya lawama. Anayeingia darasani akikibeza "Kiswahili cha shule" humpokonya mwanafunzi fimbo pekee aliyokuja nayo. Ingefaa mhadhara wa kwanza uanzie kwenye A-WA anayoijua, kisha kiboko aachwe auvuruge mpango huo mbele ya macho yake. Makundi ya majadiliano ya chama yangeweza kuendeleza kazi hiyo jioni, kila mshiriki akija na mfano wake badala ya ufafanuzi alionakili kitabuni. Mmoja ataleta kifaru aliyelala mbugani, mwingine kifaru kilicholipuliwa vitani, na ubishi uanze.