Sherehe Iwe ya Wenyewe

Desemba, harusi zinapopandana Dar es Salaam, mtu anaweza kuingia ukumbi usio wake, akaketi, akala, akaserebuka, asigundue amepotea mpaka mshereheshaji ataje majina ya maharusi. Tao la maputo ni lilelile, maua ya plastiki yamebadilishwa utepe tu, keki ni ya ghorofa, na maharusi wanaingia kwa wimbo unaovuma wiki hiyo. Siwalaumu wapambaji. Wameambiwa "zambarau na dhahabu", wamefunga zambarau na dhahabu. Hakuna aliyewaambia hawa watu ni akina nani.

Nimekuwa katibu wa kamati za harusi za ndugu na majirani kwa muda mrefu, na siku hizi naitwa hata kwenye sherehe zisizo za ndoa. Kazi ya katibu mnaijua: kuandika ahadi na kukumbusha michango kwenye kundi la WhatsApp mpaka watu wakuchukie. Mimi nimejiongezea kazi nyingine. Kabla kamati haijaanza kubishana kuhusu rangi, nakwenda kwa wazee wa pande zote mbili, nakunywa chai yao na kuuliza. Ninyi mlioana wapi? Nani alipika, na alipika nini? Mlicheza bendi gani? Kitu gani kikikosekana bibi atasema hii si harusi? Na kipi kisionekane kabisa?

Swali la bendi ndilo jepesi, na ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Mzee aliyekulia Tanga atakutajia Atomic Jazz kabla hujamaliza kuuliza. Wa Morogoro atasitasita kati ya Cuban Marimba na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wa Tabora ana Tabora Jazz yake, na aliyekuwa kijana Dar miaka ya themanini atakuimbia Mlimani Park hapohapo sebuleni. Wimbo huo mpe DJ, na umpe faili lenyewe badala ya jina tu, uchezwe wazazi wanapoingia. Acheni maharusi waingie na wimbo wao wa wiki hii. Wazazi wakisikia gitaa la ujana wao, hakuna mpambaji atakayelishinda.

Swali la chakula na vinywaji huchukua muda, lakini ndiko kwenye hazina. Chukua harusi ya kijana wa Bukoba na binti wa Unguja. Kamati ilikuwa imekwama: upande mmoja unataka mambo ya kwao, upande mwingine vilevile, na mweka hazina anakokotoa gharama za harusi mbili ndani ya moja. Nilipowazungukia wazee nikagundua wote wanazungumzia kahawa. Bukoba kahawa hutafunwa: matunda yake huchemshwa na majani yenye harufu, yakaanikwa, na mgeni akifika anawekewa mkononi. Zamani tunda moja lenye punje mbili ndilo lililotumika watu walipofunga udugu wa kuchanjiana. Unguja nako kahawa ni ya dele, chungu, katika kikombe kidogo kisicho na mkono, na kashata pembeni.

Basi tukaondoa tao la maputo. Mahali pake tukamweka muuza kahawa wa mtaani, mzoefu, na dele lake, jiko lake la mkaa na vikombe vyake anavyovigonganisha. Kila mgeni alipokewa na kikombe, kashata, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Mlangoni shangazi wa bibi harusi walisimama na chetezo cha udi na mrashi, wakiwanyunyizia watu marashi mikononi. Wazee wa Bukoba wakawa wanawafundisha vijana wa Mjini Magharibi kutafuna bila kukunja uso, na wale wakawacheka wenzao kwa kuitafuta sukari kwenye kahawa. Familia zilizokuwa zikiogopana tangu siku ya posa zilizoeana pale mlangoni, kabla hotuba yoyote haijasomwa. Gharama? Chini ya yale maputo.

Hilo ndilo ninalolitafuta kila mara, mahali ambapo mila mbili zinagusana. Ukiweka kona ya huku na kona ya kule, unapata maonyesho ya Sabasaba.

Kama bibi harusi ni wa Pwani na anataka vikuba vya asumini badala ya maua ya plastiki, mshike mkono. Lakini zingatia saa. Asumini huchumwa ikiwa bado tumba, hufunguka jioni, na kesho yake imekwisha. Vikuba vitungwe siku hiyohiyo, vifungwe ndani ya jani la mgomba, vikae mbali na jua na feni. Vikitoka Unguja, boti ni ya mchana. Usimpe kazi hii mtu mwenye kazi nyingine.

Lile swali la mwisho, kipi kisionekane, watu hulidharau. Wapambaji wanapenda majani mabichi marefu, na mengine ni jamii ya isale. Kwa Wachaga isale si pambo. Ni jani la kuomba radhi na amani, hupandwa mipakani na makaburini. Ukilichomeka kwenye chupa katikati ya meza, mzee wa Kirua atakaa akijiuliza nani kamkosea nani. Kumbe lingeweza kutumika vizuri sana, likabidhiwe kwa heshima na mtu anayestahili, penye ugomvi wa kweli unaohitaji kuisha. Nimeliona likifanya kazi hiyo kwenye sendofu moja, na siwezi kusimulia zaidi kwa sababu wahusika husoma hapa.

Kanga nayo. Kila kicheni pati siku hizi ina kanga, na nashukuru, lakini watu huchagua kwa rangi na kusahau jina. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na jina ndilo linalosomwa. Akina mama wamepigana vijembe kwa majina ya kanga kwa zaidi ya karne, kwa hiyo usitegemee kwamba mama mkwe hatasoma. Mpe shangazi mmoja asome majina yote kwa sauti kabla ya kulipa. Kuchapisha kanga yenye maneno yenu wenyewe kunawezekana, ila viwanda hupokea oda kubwa, na watu wa sherehe ndogo hubaki na marobota uvunguni. Nenda Kariakoo, tafuta jina linalowafaa, nunua kwa korija. Kwa bibi harusi wa Pwani, kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe hakina mpinzani. Na ukitandika kanga mezani, kumbuka kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa moja na kidogo, hakifuniki meza ya duara. Tandika kitambaa cheupe kwanza, kanga juu yake, jina lielekee kwa anayekaa. Nimeona kumbi nzima zenye methali zilizopinduliwa kichwa chini.

Sherehe zenye mada ndizo zinazonichosha zaidi. Mada imekuwa mavazi. Nimealikwa kwenye "usiku wa Kiafrika" Temeke, ngao na mikuki ukutani, kana kwamba tulikuwa ugenini. Mada nzuri ni maisha ya mtu. Dereva wa treni wa TAZARA alipostaafu, watoto wake walitaka nyeupe na bluu. Nikawauliza baba yao amepita wapi miaka yote. Reli ile ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na mzee anaijua kwa kona zake. Kadi za mwaliko zikawa tiketi. Meza zikaitwa kwa vituo, kwa mpangilio wake: Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma, Nakonde, Mpika. Kila mgeni alikaa mahali alipojuana na mzee, kwa hiyo watu waliofanya kazi pamoja zamani wakajikuta bega kwa bega, hawajaonana tangu nywele zikiwa nyeusi. Meza kuu ilikuwa Kapiri Mposhi, mwisho wa safari. Mjukuu akapeperusha bendera ya kijani, foleni ya chakula ikaondoka. Wali ulikuwa wa mchele wa Kilombero, bonde ambalo reli inalipita, na meza ya Mbeya wakanuna kidogo maana kwao mchele ni wa Kyela. Hakukuwa na picha ya treni hata moja.

Mkifika hapa mtakuwa na mawazo mengi. Punguzeni. Chagueni mawili au matatu, yale ambayo mgeni ataonja, atanusa, atasikia au atashika. Ya kutazamwa tu yaachieni bajeti inayobaki. Kila moja liwe na mtu wake mwenye jina na namba ya simu, kwa sababu kitu cha "kamati yote" hakiletwi na mtu.

Kisha mketisheni mshereheshaji. Yeye ndiye anayeweza kuua kila kitu, maana ratiba yake ameifanya ukumbi baada ya ukumbi na vichekesho vyake viko tayari. Mpeni karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa, maana taa za ukumbini hufifishwa. Iandikwe kitu gani, kinaletwa na nani, baada ya nini, na maelezo yake kwa sentensi mbili. Akianza ya tatu, DJ wangu ana ruhusa ya kuongeza sauti.