MTOTO ANAPOLIA USIKU



Mwezi huu tunazungumzia jambo linalojulikana katika kila nyumba yenye mtoto mchanga, yaani kilio cha usiku. Akina mama wa Migato wametuomba tulieleze kwa sababu limeanza kuleta ugomvi.

Katika nyumba moja tulimkuta mama kijana mwenye mtoto wake wa kwanza, wa wiki 5. Kabla ya kuolewa alifanya kazi za ndani Mwanza, kwa familia iliyomlaza mtoto katika chumba chake na kumwacha alie mpaka anyamaze mwenyewe. Naye alitaka kufanya vivyo hivyo. Mama mkwe wake alikataa kabisa, akasema, "Huo ni ukatili. Huyu mtoto analilia jina la babu yake." Akataka waende kwa mfumu wakapige ramli ya kuku. Baba wa mtoto, akiisha kuchoka na kelele za pande zote mbili, alihamia kulala kwa mdogo wake. Je, nani alikuwa na haki?

Kila watu na desturi yao

Desturi ya kumwacha mtoto alie ina historia yake. Mwaka 1894 daktari Luther Emmett Holt wa New York aliandika kitabu cha malezi, akiwaonya wazazi wasimchukue mtoto kila anapolia, wasije wakamdekeza. Mwaka 1907 daktari Truby King alianzisha chama cha malezi huko New Zealand. Alifundisha kunyonyesha kwa saa zilizopangwa, na usiku mtoto asinyonye. Mafundisho hayo yalienea sana. Tusidhani kwamba wazazi wale hawakuwapenda watoto wao. Walifundishwa na madaktari waliowaamini, na wengi waliona kumzoesha mtoto kulala peke yake ni kumlea vizuri.

Kwetu Afrika Mashariki mtoto hulala na mama yake. Katika miaka ya 1970 wataalamu Charles Super na Sara Harkness walikaa kijijini kwa Wakipsigis wa Kenya. Waliona kuwa mtoto wa miezi 4 alilala mfululizo kwa muda wa saa 4 na nusu hivi, ambapo mtoto wa Marekani wa umri huo alilala kama saa 8. Hata hivyo mama wa Kipsigis hakuona taabu, kwa kuwa ziwa lilikuwa karibu. Katika miaka hiyo hiyo Robert LeVine na wenzake walikuwa kwa Wakisii. Akina mama wa huko walipoonyeshwa picha za sinema za mama wa Kimarekani wakichelewa kumchukua mtoto anayelia, walisikitika sana.

Basi katika jambo hili mama mkwe alikuwa na haki. Mtoto wa wiki 5 hajui kudeka. Kilio ndiyo lugha yake pekee, na anayeitwa yampasa kuitika.

Kunyamaza si kupona

Lakini desturi yetu nayo ina upungufu wake, nasi hatuna budi kuusema. Sisi tuna haraka ya kunyamazisha. Tunampa ziwa, uji mwepesi au maji ya sukari, tunamfunga hirizi, tunamtafutia jina, na akinyamaza tunalala.

Tuliwahi kuletewa mtoto alfajiri. Alikuwa amelia usiku tatu, na wazee walikuwa wakishauriana juu ya jina. Usiku wa tatu walimpa jina, naye akanyamaza. Nyumba nzima ikafurahi kwamba jina limekubaliwa. Kumbe alinyamaza kwa sababu nguvu zilikuwa zimemwishia. Kulipopambazuka hakuweza kunyonya. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto yule alipona, lakini hasikii mpaka leo.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wazee. Jina la babu ni zuri, na wengi wetu tumepewa majina ya namna hiyo. Lakini ramli haipimi homa. Aliyemwacha mtoto alie peke yake na aliyekimbilia kwa mfumu wamekosea jambo moja, nalo ni kwamba hakuna aliyewasha taa akamtazama mtoto.

Tufanye nini mtoto anapolia?

1. Mchukue. Kwanza mkumbatie kifuani.

2. Mnyonyeshe. Mpaka atimize miezi 6 mtoto hahitaji maji wala uji, maziwa ya mama yanamtosha. Kunyonyesha usiku huongeza maziwa.

3. Mtazame. Washa taa, mvue nguo. Je, amelowa? Ana joto au baridi? Ameumwa na mdudu? Kuna uzi uliobana kidole? Kitovu chake kikoje?

4. Mcheushe na kumbembeleza. Mweke begani, tembea naye taratibu. Watoto wengi wazima kabisa hulia sana, hasa jioni. Kilio hicho huongezeka kuanzia wiki ya pili, huzidi karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kufikia miezi 3 au 4. Hapo dawa ni uvumilivu.

5. Pokezaneni. Mama akishanyonyesha, bibi au baba amchukue mtoto. Ukiona hasira inakupanda na huna msaidizi, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje kidogo, kisha urudi. Usimtikise mtoto kamwe, kwani ubongo wake unaweza kuvuja damu.

Wakati wa kulala, mtoto alazwe chali ndani ya chandarua, bila nguo nzito usoni. Aliyekunywa pombe asilale naye kitanda kimoja.

Usimpeleke akakatwe kimeo. Wala usikubali ang'olewe yanayoitwa meno ya nailoni. Yale ni meno yake mwenyewe, bado machanga ndani ya fizi. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu na kwa vidonda vilivyooza.

Usisubiri kukuche

Mpeleke mtoto mchanga kwenye zahanati au hospitali usiku huo huo ukiona dalili hata moja kati ya hizi:

- hanyonyi, au anatapika kila kitu;
- amelegea, haamki vizuri;
- ana degedege;
- mwili una joto kali au umekuwa wa baridi;
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani;
- utosi umevimba;
- kitovu kina usaha au wekundu;
- kilio kimebadilika, kimekuwa chembamba na hakitulizwi hata kwa ziwa.

Tengeni mapema fedha kidogo ya bodaboda kwa ajili ya safari kama hiyo.

Katika ile nyumba ya Migato tulimpima mtoto, tukamkuta mzima na uzito wake umeongezeka. Tuliongea na wote watatu pamoja. Siku hizi mama hunyonyesha, kisha bibi humchukua mjukuu na kumbembeleza, na baba amerudi nyumbani. Yeye ndiye mwenye zamu ya kuwasha taa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika nyumba yetu, mtoto akilia usiku nani huamka? Je, mama ana msaidizi?
2. Tunamwambiaje mzee wetu kwa heshima kwamba mtoto apelekwe hospitali kwanza?
3. Jumuiya yetu inaweza kuisaidiaje familia isiyo na nauli ya usiku?