Umechora ramani ya nyumba yako? Tafuta wa kukuambia ukweli

Kila unayemwonyesha ramani anasema "safi sana". Usiridhike. Anaona ulivyoifurahia, hataki kukuvunja moyo. Na ukiuliza "unaionaje?", jibu ni "nzuri". Badilisha swali.

Kwanza weka vipimo. Mchoro usio na vipimo hakuna anayeweza kuukosoa. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba uwe nusu mita. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho: kitanda cha futi 5 kwa 6 ni miraba 3 kwa karibu 4. Kata na kabati, friji, makochi. Vipange, kisha chora kila mlango ukiwa wazi. Utaona mwenyewe mlango unaogonga kitanda.

Usichore ukuta kwa mstari mmoja mwembamba. Tofali la inchi 6 likipigwa plasta pande zote mbili linafika sentimita 18 hivi. Kuta 4 mfululizo zinakula zaidi ya sentimita 70 za nyumba yako.

Sasa tafuta watu, na badala ya kuwaomba maoni, wape kazi. Mpe mtu penseli umwambie: "Umetoka sokoni na mifuko, mvua inanyesha. Nenda jikoni." Akichora njia inayokatiza sebuleni mbele ya wageni, umepata jibu bila yeye kukukosoa. Endelea. "Ni saa nane usiku, mtoto wa chumba cha mwisho anataka choo." "Umefua, unakwenda kuanika." "Mgeni wa kiume analala, wewe unataka kuoga." "Kuna msiba. Kina mama wanakaa wapi, turubai linafungwa wapi?" Hilo la msiba usiliruke. Nyumba zetu hupokea watu wengi kwa siku moja, na ramani nyingi za kunakili mtandaoni hazikuliwazia.

Akiwa anachora, nyamaza. Usimwelekeze, usijitetee. Akikwama akitafuta mlango, weka alama hapo. Wakikwama wawili mahali pamoja, pabadilishe.

Chagua wa kumuuliza kwa jambo analolijua. Anayepika kila siku mwonyeshe jiko tu: sinki, jiko la gesi na mahali pa mkaa viko wapi, moshi unatokea wapi? Mzazi mwenye maumivu ya magoti aangalie ngazi za kuingilia na choo.

Fundi bomba muulize maji machafu yatapita wapi hadi shimoni, na gari la kunyonya litafikaje hapo. Wengi hulikumbuka gari hilo baada ya kujenga uzio. Fundi wa paa muulize bati zitaungana wapi. Kona nyingi za nje huzaa maungio mengi ya paa, na kwenye maungio ndiko kuvuja huanzia.

Fundi utakayempa kazi anaweza kukubali kila kitu ili asiikose. Kwa hiyo tafuta mwingine asiye na maslahi, mlipe muda wake, muulize swali moja: "Ungeondoa nini ili gharama ishuke?" Mtu huona vigumu kujibu hilo kwa sifa tupu.

Una rafiki mwenye aibu? Mpelekee ramani 3, yako ikiwa mojawapo, bila kusema ni ipi. Aseme ipi asingekaa, na kwa nini.

Usisahau kuonyesha kaskazini, barabara na nyumba za jirani. Bila hivyo hakuna atakayekuambia chumba kipi kitapigwa na jua la jioni. Kama unajenga Dar es Salaam au kwingine pwani, uliza pia madirisha yatapokeaje pepo za kusi na kaskazi. Joto la huko si la kupuuza.

Halafu nenda kiwanjani. Pigilia vigingi, funga kamba kwa vipimo kamili, tandika mkeka mahali pa kitanda. Nenda na utakaoishi nao, watembee humo. Tahadhari moja: kwenye uwanja wazi chumba huonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa. Usihukumu kwa macho. Laleni mkekani, pishaneni kwenye korido mkiwa na ndoo mkononi.

Maoni ya nguzo za mbele na umbo la madirisha sikiliza tu, uamuzi ni wako. Yanayogusa njia, maji, hewa na faragha yafanyie kazi yote. Kisha mpelekee mchoro mbunifu majengo aliyesajiliwa. Kwa Tanzania, bodi inayowasajili ni AQRB. Yeye ndiye atakayeandaa michoro ya kuombea kibali cha ujenzi halmashauri. Usichimbe msingi kabla ya kibali hicho kutoka.