Nywila, Ufunguo na Kufuli: Istilahi na Usalama wa Kuingia katika Tarakilishi ya Mbali

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba uteuzi wa njia salama ya kuingia katika tarakilishi iliyo mbali ni suala la kiistilahi pia. Mwanafunzi aliye Eldoret anapofungua faili zake katika seva iliyo Nairobi, hatoshelezwi na urefu wa nywila yake. Yampasa aulize inapitia wapi na nani huipokea.

Itifaki ya Telnet, iliyosanifishwa mwaka 1983, iliipitisha nywila ikiwa wazi. Aliyedukua njiani aliisoma kama barua isiyo na bahasha. Shambulizi la namna hiyo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki ndilo lililomchochea Tatu Ylönen kubuni itifaki ya SSH mwaka 1995. (Msomaji wa pwani asihadaike na jina: Tatu huyu ni mwanamume wa Kifini.) SSH huyasimba mawasiliano yote, hivyo mdukuzi huambulia vurugu ya herufi.

Hata hivyo, nywila iliyosimbwa ingali inasafiri. Ifikapo, seva huipata ikiwa wazi. Na ikiwa seva yenyewe ni ya bandia, siri imekabidhiwa mwizi mkononi. Ndiyo sababu SSH humwonyesha mtumiaji alama ya utambulisho wa seva mara ya kwanza, naye aghalabu huikubali bila kuisoma. Njia ya jozi ya funguo ni bora zaidi. Ufunguo wa siri hausafiri kamwe: hubaki kwa mwenyewe na kutia saini, kisha seva huihakiki saini hiyo kwa ufunguo wa umma.

Hapa ndipo istilahi inapopotosha. Anayesikia “ufunguo wa umma” hudhani ni kitu kinachofungua mlango, akaogopa kuutoa. Au, kwa mkanganyiko uo huo, akatuma ule wa siri. Jina “kufuli” lingefaa zaidi. Mtu aweza kutundika makufuli yake katika milango kumi bila hasara, mradi ufunguo umo mfukoni. Ni kweli kwamba kufuli halielezi saini, na katika uwanja huo “muhuri” ungestahili; lakini kwa anayejifunza kuingia tu, sitiari hii yatosha.

Ufunguo wa siri nao ni faili, na faili huibwa. Kwa hiyo hufungiwa kwa fungu la maneno analolijua mwenyewe. Nywila imerudi, ila sasa haivuki kizingiti cha tarakilishi yake.