Kuutia Udongo Joto ili Kuua Viini vya Maradhi na Magugu

Mkulima wa mboga wa Miritini aonapo miche yake ya nyanya imelala chini asubuhi, mashina yameoza pale yanapogusa udongo, mara nyingi hulaumu mbegu. Huenda mbegu haina kosa. Ugonjwa huo, uitwao kinyausi, huletwa na ukungu ukaao udongoni. Humo pia hukaa minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huingia mizizini na kuifanya iwe na mafundo, hata mmea ukadumaa na kunyauka jua likiwa kali, ijapokuwa umetiwa maji. Kupanda tena katika udongo ule ule ni kuipelekea chakula.

Dawa mojawapo ni joto. Viini vingi vya maradhi, pamoja na minyoo hiyo, hufa udongo ukipata joto la digrii 60 za Sentigredi kwa nusu saa. Mbegu za magugu ni ngumu zaidi. Nyingi zataka digrii 70 hadi 80.

Kwa udongo mchache wa kitalu, yafaa pipa la chuma. Hutiwa maji kimo cha shubiri, na juu ya maji huwekwa bati lililotobolewa, likiinuliwa kwa mawe. Udongo wenye unyevu kidogo huwekwa juu ya bati, pipa likafunikwa kwa gunia, na moto ukawashwa chini kwa vifuu na makumbi. Katikati ya udongo hufukiwa kiazi ulaya kidogo. Kiazi kikiiva, kazi imekwisha. Moto usizidishwe, maana udongo ulioungua hupoteza hata vijidudu vyenye manufaa, na huweza kutoa chumvi zidhuruzo miche.

Kwa bustani nzima, jua ndilo moto wake. Njia hii ilielezwa na Jaacov Katan na wenzake wa Israeli mwaka 1976, na pwani ya Kenya wakati wake ni kaskazi, Januari hadi Machi, kabla ya masika. Ardhi hulimwa, madongoa huvunjwa, kisha hunyweshwa sana, kwa kuwa joto hupenya vema katika udongo uliolowa. Hufunikwa kwa nailoni nyembamba ipitishayo nuru, kingo zikafukiwa, ikaachwa wiki 4 hadi 6. Nailoni nyeusi haifai sana. Yenyewe hushika joto isilifikishe chini. Baadaye mkulima asilime kwa kina, maana jembe litaleta juu mbegu ambazo joto halikuzifikia. Ndago ni adui mkaidi: viazi vyake vilivyo chini huokoka vingi, navyo havina budi kuchimbuliwa kwa mkono.

Lakini si kila uchafu uondokao kwa joto. Owino Uhuru, mtaa usio mbali na Miritini, ulichafuliwa kwa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi si kiumbe, haifi. Udongo wake hata ukichemshwa kutwa, itabaki yote. Mwenye bustani karibu na mahali palipoyeyushwa betri asipande mboga kabla udongo haujapimwa, na ikibidi apande, atumie masanduku yaliyojazwa udongo wa kutoka mbali.